Sauti Mbili kwa Jina Moja

Machi 12

Daktari alikuja asubuhi, akanisikiliza kifua mbele na nyuma, akakunja mpira wake wa masikioni. Nikamuuliza nimebakiza muda gani. Ni kijana mwenye adabu, akaniambia nile vizuri na nipumzike. Nimefundisha miaka arobaini na sita, namjua mtu anayekwepa swali. Nikamwambia ajibu alichoulizwa. Akatazama sakafu, akasema, "Mvua hizi, Mwalimu. Pengine na kidogo baada yake."

Basi nimechukua daftari moja la mahudhurio lililobaki kabatini, tupu, lenye mistari ya majina thelathini kila ukurasa, nami nitaandika humu. Kuna jambo moja nataka kulitoa kabla sijaondoka. Nikilianza leo nitalikimbia. Niacheni nilizunguke kwanza.

Machi 13

Mvua imeanza. Bati linapiga kelele, sijasoma wala kuandika.

Machi 16

Chumba changu kiko pembeni mwa uwanja wa kituo chetu cha kusomeshea watoto wa mitaani. Nilihamishiwa hapa Januari, baada ya kuanguka bafuni nyumbani kwa marehemu dada yangu, nilikokuwa nikiishi tangu nistaafu. Kitanda kinatazama dirisha, na dirisha linatazama mlango wa darasa, hatua thelathini hivi. Darasa lenyewe lilikuwa ghala la magunia. Nililikodi nikiwa na miaka arobaini na tatu, nikalifagia kwa mikono yangu, nikaenda stendi na sokoni kuokota wanafunzi, mmoja mmoja, kwa maneno matamu na mkate.

Kila asubuhi saa mbili majina huitwa. Hapa si mwalimu anayeita. Kiranja wa darasa ndiye anayesoma daftari, na jina la kwanza katika daftari ni la mwalimu mwenyewe, naye huitika "nipo" kama mtoto mwingine yeyote. Utaratibu huo niliuanzisha mimi. Mtoto wa mitaani amezoea kuhesabiwa na askari na kufukuzwa na wenye maduka. Nilitaka aone mtu mzima naye akiitwa, naye akijibu kwamba amekuja.

Leo mvua ilikuwa ndogo, na nilikuwa nimeegemea mito nikisikiliza. Kiranja, msichana mwenye sauti ya kupasua hewa, alisoma jina la kwanza, la Mkuu wa kituo, aliyeshika darasa langu. Mkuu akaitika.

Kisha mtu mwingine akaitika jina lilelile.

Haikuwa sauti ya Mkuu. Ilikuwa ndogo, ya mtoto wa kike, haikuwa na haraka. Halafu majina yakaendelea.

Machi 17

Mvua. Sauti mbili tena.

Machi 18

Nilimuuliza mpishi aliponiletea chai. Mpishi wetu ni mwanamke mnene mwenye mzaha, ameniuguza tangu Januari kuliko ndugu wa damu. Aliangalia mkate nilioubakiza, akanikaripia kwanza. Kisha akasema ni bati tu. "Bati la darasa lile, Bi Mkubwa, likinyeshewa linaongea kuliko mke mwenza."

Nikacheka, naye akacheka. Lakini alipotoka alifunga dirisha, na sikumwomba alifunge.

Machi 22

Kuna mtoto amepotea. Ni msichana wa miaka kumi na minne wanayemwita Kengele kwa sababu ya kicheko chake. Ni mmoja wa watahiniwa kumi na wanane watakaofanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi mwishoni mwa Mei. Alikuwa akilala kwa shangazi yake upande wa pili wa reli. Shangazi amehama na vyombo vyote, na majirani hawajui alikokwenda. Mkuu ametoka na mlinzi kumtafuta, wamerudi wamelowa chapachapa.

Machi 24

Hakuna habari za Kengele. Mvua. Sauti mbili.

Machi 29

Amekuja mtoto mpya, msichana. Wamemwita Mgeni na nadhani jina limeshamganda. Mpishi anasema alimkuta amekaa chini ya dirisha la darasa akifanya hesabu za ubaoni kwa kijiti kwenye tope, na majibu yote ni sahihi. Mkuu ameingia kunieleza huku macho yanang'aa. Nilimwona vile alivyokuwa zamani, nikageuzia uso ukutani.

Aprili 2

Siwezi tena kwenda bafuni peke yangu. Hilo nalo limekuja.

Aprili 9

Nieleze Mkuu ni nani, maana bila yeye hakuna kinachoeleweka.

Ana miaka arobaini na saba. Alifika hapa akiwa msichana wa miaka kumi na mitatu, tukamwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Ndani ya mwezi mmoja alikuwa amewapita wote isipokuwa mtu mmoja ambaye hakuwepo. Alifaulu mtihani, akapata ufadhili, akaenda sekondari, akasomea ualimu, na siku niliyostaafu akakaa kwenye kiti changu. Amewatoa watoto wengi kuliko mimi. Mmoja ni fundi wa umeme, mwingine anaendesha mtambo wa hospitali wa kupiga picha za mifupa, mwingine ni huyo daktari aliyeshindwa kunitazama machoni. Ananiogesha kwa mikono yake siku za Jumapili ili mpishi apumzike.

Jina analotumia si lake. Nilimpa mimi. Lilikuwa la mtoto mwingine.

Hilo analijua. Asilolijua ndilo linalonikaba.

Aprili 15

Siku tano za jua. Nimesikiliza kwa makini kila asubuhi. Mkuu anaitwa, Mkuu anaitika, basi. Sauti moja.

Nilianza kujiambia kwamba ni masikio ya kizee.

Aprili 16

Mvua imerudi alfajiri. Saa mbili, sauti mbili.

Aprili 21

Mkuu alikuja mchana, akaketi kitandani na bahasha mapajani. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepata mlango mahali alipodhani pana ukuta.

Alinieleza polepole, kama anavyoeleza hesabu. Usajili wa watahiniwa ulifungwa mwaka jana. Mgeni hawezi kuongezwa. Akikosa mtihani huu atasubiri miaka miwili, maana usajili wa mwakani nao umeshafungwa, na mtoto wa aina hii hangoji miaka miwili, mtaa unamrudia kumchukua. Lakini nafasi ya Kengele ipo. Fomu ya Kengele ililowa ofisini bati lilipovuja, na sura kwenye picha imefutika kabisa. Ofisi ya mitihani inataka picha mpya. Mwezi mzima umepita. Kila mtu anasema Kengele hatarudi. Wengine wanasema maji yalimchukua kule kwenye daraja.

Kisha akanishika mkono. "Nitafanya kama ulivyonifanyia mimi, Mwalimu. Nimekuja unipe baraka tu."

Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema usifanye. Badala yake nikaomba maji. Akaniinua kichwa, akaninywesha, akakifuta kidevu changu kwa kiganja, na akaondoka akidhani nimekubali.

Picha lazima zipelekwe kabla ya tarehe tano Mei.

Aprili 22

Leo nimekata shauri kuandika yote. Mpishi ameniwekea ubao wa kukatia mboga magotini kama meza.

Mwenye jina tulimwita Kifuniko. Alijifunza kuhesabu kwa vifuniko vya soda alivyookota stendi, akaviweka kwenye mkebe wa maziwa ya unga, na hata alipofika darasa la mwisho hakukubali kuutupa mkebe ule. Sijawahi kufundisha mtoto mwingine mwenye kichwa kama kile. Nikiandika hesabu ubaoni alikuwa ananingoja upande wa pili wa jibu.

Mwaka wa mtihani, mvua zilipoanza, alitoweka. Nilimtafuta wiki mbili. Wavulana wa stendi wakaniambia alionekana karibu na mfereji mkuu siku ya mafuriko. Hakuna aliyemwona akianguka. Mimi nilichukua maneno yale nikayafanya maiti. Ilinifaa afe, kwa sababu Sindano alikuwa amefika, na nilikuwa na nafasi moja tupu kwenye orodha.

Nilimwita Sindano ofisini, nikamwambia: kuanzia leo unaitwa hivi. Mwenye jina amefariki, amekuachia wewe, usimwangushe. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alitikisa kichwa kukubali kwa uzito, kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

Siku tatu kabla ya mtihani alikuja mkaguzi, mtu mkali, kulinganisha orodha na watoto. Tulikuwa na watahiniwa ishirini na wawili. Kituo kimoja cha jirani kilikuwa kimefungwa kwa udanganyifu, watoto wote wakafutwa. Mkaguzi alikaa mbele ya darasa na karatasi zake, kiranja akaanza kuita. Mvua ilikuwa inanyesha. Mimi nilisimama mlangoni, ndipo nikaona mtu getini.

Alikuwa Kifuniko. Amekonda, amelowa, gauni la kijani limechanika bega, mkebe kifuani. Nilikimbia hadi getini. Nadhani mtu aliyeniona alidhani ninakimbia kwa furaha.

Aliniambia kwa pumzi moja. Mwanamke fulani alimchukua kwa ahadi ya kazi ya siku mbili, akamfungia ndani zaidi ya miezi miwili akilea mtoto wake. Alikuwa akihesabu siku kwa vifuniko, kifuniko kimoja kila kunapokucha, asije akapitwa na mtihani. Leo amevunja dirisha la jikoni. Amewahi, si ndiyo? Zimebaki siku tatu. Alikuwa amehesabu sawasawa.

Nyuma yangu kiranja akasoma jina lake. Na darasani Sindano akaitika, "Nipo."

Kifuniko alisikia. Akainua uso kunitazama.

Ningeweza kusema mambo mengi. Ningeweza kusema njoo jioni, mkaguzi akiondoka. Ningeweza kumficha chumba cha mpishi. Badala yake nilisema, na maneno haya nimeyabeba miaka thelathini na minne: "Umesikia? Wewe umo ndani tayari. Nenda zako."

Nikafunga komeo.

Hakulia wala hakugonga. Alisimama. Mkaguzi alitoka saa sita, na Kifuniko alikuwa bado upande wa pili wa barabara. Kesho yake alikuja tena, akasimama palepale mpaka majina yalipokwisha. Keshokutwa pia. Siku ya mtihani hakuja.

Watu wangesema, aliokoa watoto ishirini na wawili kwa kumkosa mmoja. Mimi mwenyewe nimejiambia hivyo nikilala na nikiamka. Lakini mtihani uliisha, mkaguzi akaenda kwao, mvua zikakatika, na mimi nilikuwa na miguu mizima na siku nyingi. Sikwenda kumtafuta. Si mwaka ule wala mwaka uliofuata. Niliogopa kumpata. Nikimpata atataka chake, na chake kilikuwa kimeshavaliwa na mtoto mwingine ninayempenda.

Hayo ndiyo.

Aprili 23

Mkuu alikuja, akakaa saa nzima. Sikusema.

Aprili 24

Sikusema.

Aprili 25

Mpishi ananiambia Mgeni ameshaanza kufundishwa kuitika jina la Kengele. Mkuu anamfanyisha mazoezi baada ya masomo, anamwita ghafla nyuma ya mgongo aone kama atageuka. Nilivyomfanyia yeye ndivyo anavyomfanyia mtoto huyu.

Ameshageuka mara tatu, anasema mpishi, na akaongeza kwamba hapendi mchezo ule, unamfanya asikie baridi shingoni.

Aprili 26

Nimesema.

Ilikuwa Jumapili. Mkuu alikuwa amemaliza kuniogesha, anakamua kitambaa. Nikamwambia aketi, na asinishike mkono mpaka nimalize. Nikamsomea ukurasa wa tarehe ishirini na mbili kama ulivyo. Nilijua nikiongea bila karatasi nitapunguza.

Hakulia. Alikaa akitazama maji ndani ya beseni. Nilitegemea aniulize kwa nini, nilikuwa na majibu ya hilo. Aliuliza, "Gauni lilichanika bega gani?"

Nikasema la kushoto.

Akakirudisha kitambaa majini. Halafu akasema, "Siku ile ya mkaguzi niliitika, nikasikia mtu ameitika pamoja na mimi. Nilidhani ni hofu. Tangu nirudi hapa kufundisha naisikia, Mwalimu. Zamani haikuwa kila mwaka. Miaka hii kumi na moja ya karibuni, kila mvua zikianza. Nimewahi kupanda hadi darini kutafuta. Sijamwambia mtu, wangesema Mkuu amerukwa na akili."

Nikamwambia kwamba na mimi naisikia.

"Ulisema amekufa," akasema. "Nimemwombea huyo mtoto kila siku kama marehemu. Miaka thelathini na minne namzika mtu aliye hai."

Akabeba beseni, akatoka. Mlango hakuubamiza. Ningefarijika kama angeubamiza.

Aprili 27

Hakuja.

Aprili 28

Hakuja. Mpishi ameniuliza nimemfanya nini mtoto wa watu, hali wala halali. Nikamwambia nilimfanya miaka mingi iliyopita. Akanitazama, akanipangusa mdomo, akasema leo hataki mafumbo, anataka nimalize supu.

Aprili 29

Mvua kubwa. Saa mbili kiranja alianza na jina la pili. Jina la Mkuu halikusomwa. Nadhani yeye mwenyewe ameagiza liachwe.

Lakini kiranja, kwa mazoea, alivuta pumzi kwanza na kukaa kimya kidogo mahali lilipokuwa jina lile. Katika upenyo huo, bila kuitwa, ile sauti ndogo ikaitika.

Watoto wakanyamaza. Nilisikia mvua tu. Kisha mtoto mmoja wa mbele, kwa sauti ya kawaida kabisa, akauliza: "Nani huyo?"

Kiranja alimaliza orodha akisoma mbiombio.

Aprili 30

Vivyo hivyo.

Mei 3

Mkuu amekuja. Amezeeka kwa wiki moja. Hakuketi kitandani, alivuta kiti.

Alisema ameichana picha ya Mgeni aliyokuwa aipeleke kwa jina la Kengele. Kiti cha Kengele kitabaki tupu siku ya mtihani, na jina lake halitaitikiwa na mtu, awe hai awe mfu. Mgeni amelia mpaka akatapika. Mkuu alikaa naye sakafuni jioni nzima, akamwambia ukweli wote, kwamba hata yeye alifundishwa kugeuka kwa jina la mtu. Mgeni akamuuliza sasa miaka miwili hiyo atakaa wapi. Mkuu akamwambia atakaa nyumbani kwake, chumba cha mwanawe kiko wazi. Hakuwa na uhakika kama mtoto atakubali. Asubuhi alimkuta mlangoni na mfuko wake wa plastiki.

Kuhusu vyeti vyake mwenyewe, alisema ataiandikia barua ofisi ya mitihani, mtihani ukishapita, si kabla, asiwaponze watahiniwa kumi na saba. Huenda wakamwachisha kazi. Huenda wakamshtaki. Nikamwambia anisingizie mimi kila kitu. "Sitakusingizia, Mwalimu," akasema. "Nitakutaja."

Kisha akasema kuna kazi moja ya kufanya kwanza. Kama sauti inakuja na mvua, basi anataka kujua mvua inamleta nani. Kesho jina lake litasomwa tena, lakini yeye hatakuwa darasani.

Mei 4

Jua kali siku nzima.

Mei 7

Jua. Nimekojoa kitandani. Mpishi akasema godoro lilikuwa na kiu.

Mei 11

Mvua tangu alfajiri. Nimesikia jina likisomwa, nikasikia sauti ikiitika, moja tu. Ile ndogo.

Mchana Mkuu amekuja na matope hadi magotini. Naandika alivyonieleza, kwa sababu nataka ibaki sawasawa.

Kabla ya saa mbili alizunguka nje ya ukuta. Mvua zikianza, manispaa huleta wafagiaji kuzibua mtaro unaopita chini ya ukuta wa darasa. Amewaona miaka yote, amewasalimu, hajawahi kuwatazama. Leo alimkuta mmoja tu. Mwanamke wa makamo, koti la mvua la njano, amesimama ndani ya mtaro, maji yanampita kwenye buti, koleo limeegemezwa begani. Hafanyi kazi. Ameinamisha kichwa kuelekea ukutani, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Mkuu alisimama hatua nne kutoka kwake. Ndani kiranja akasoma jina.

"Midomo yake ilikuwa imefungwa, Mwalimu. Nilikuwa namtazama usoni. Alifunga macho tu. Na yangu ilikuwa imefungwa. Sote wawili tulikuwa nje, na jina likaitikiwa ndani."

Mwanamke akafungua macho, akamwona. Mkuu akamwita kwa lile jina, jina lao. Yule akasema, bila mshangao wowote, kwamba miaka mingi hajaitwa hivyo, huko kazini wanamwita Mama Koleo.

Mkuu akamwomba aje. Akajibu ana mtaro wa kumaliza, na barabara mbili baada ya huo. Atakuja siku yake ya mapumziko.

Mei 13

Nimemwomba mpishi anivalishe gauni la heshima kesho. Akaniuliza kama kuna posa. Sijalala, nimepanga maneno.

Mei 14

Alikuja saa nne. Niliwaona kupitia dirishani wakivuka uwanja, yeye na Mkuu, mmoja mnene mmoja mwembamba, wakikwepa madimbwi kwa hatua zinazofanana. Alivua viatu mlangoni japo nilimwambia asivue.

"Shikamoo, Mwalimu."

Nikamwitikia marahaba. Mkuu alimpa kiti, yeye akasimama nyuma ya kichwa cha kitanda, mahali nisipoweza kumwona uso.

Nilianza hotuba yangu. Nilikuwa nimefika kwenye sentensi ya pili aliponiinulia kiganja, kwa upole, kama unavyomzuia mtoto asivuke barabara. Akaanza kueleza habari zake. Ana watoto watatu. Wawili wamemaliza shule, wa mwisho yuko kidato cha tatu na ni mvivu, lakini atamnyoosha. Mume alifariki. Ameifanya kazi hii miaka ishirini, kwenye mtaa huu miaka kumi na moja tangu wabadilishiwe zamu, na siku ya kwanza alipopangiwa mtaro wetu alitaka kukataa. Anasoma kila kitu, mabango, magazeti ya kufungia vitu, hata karatasi zinazoziba mtaro huzifungua akazisoma kabla ya kuzitupa kwenye toroli.

Nilimuuliza swali lililonitesa kuliko yote. Kwa nini siku ile hakupiga kelele. Kelele moja ingetosha.

Alifikiri. "Hukuwahi kutudanganya, Mwalimu. Hata siku moja. Uliposema nimo ndani, niliamini. Nilisimama nikasikia naitwa, nikasikia naitika. Nikasema basi, kuna mimi mmoja amewahi. Huyu wa nje aende zake akatafute kula."

Mkuu nyuma yangu alitoa pumzi ndefu.

"Siku hizi nikizibua hapo hunyamaza nikamsikiliza," akaendelea. "Hajakua. Nyinyi mmezeeka, mimi nimezeeka, yeye bado yuko palepale anaitika. Simwogopi. Humwacha amalize, nikaendelea na kazi."

Nikamwambia sistahili msamaha wake. Hakusema nastahili, hakusema sistahili. Alijipangusa mikono kwenye sketi ingawa ilikuwa safi, na nikatambua kwamba hakuja kwa ajili yangu.

"Nina swali moja tu," akasema. Alimtazama Mkuu, kisha akanitazama mimi. Kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa na wasiwasi, na ulikuwa uso wa mtoto wa darasa la mwisho aliyetumwa kusoma matokeo ubaoni.

"Nilifaulu?"

Mimi sikuweza. Mkuu alitoka nyuma ya kitanda, akachuchumaa mbele ya kiti, akamtajia alama kwa utaratibu, somo kwa somo, kama anavyozikumbuka baada ya miaka yote hiyo. Lugha tisini na moja. Historia sabini na tisa. Sayansi themanini na mbili. Mwanamke alitikisa kichwa kwa kila moja, akiipokea, akiiweka mahali pake. Hesabu themanini na nane.

Hapo hakutikisa kichwa. Alikunja paji la uso.

"Hesabu ningepata zaidi," akasema.

Mkuu akanigeukia. Mimi ndiye niliyewafundisha wote wawili. Nikasema ni kweli, angepata zaidi.